Kufuata buzuki la Tsitsanis: Athens, Trikala, Thessaloniki

Wanaonijua Mombasa wanajua mimi ni mtu wa udi. Buzuki, ala ya nyuzi ya Wagiriki, niliingia kwa mlango wa nyuma, baada ya rafiki mmoja baharia kuniachia kanda za Vassilis Tsitsanis, mpigaji na mtunzi wa Kigiriki. Nilisikia taksimu, ule upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, inaanza, nikadhani ni ya kwetu, mpaka ala ilipopaza sauti ya chuma. Tsitsanis alizaliwa Trikala tarehe 18 Januari 1915 na akafia hospitalini London tarehe 18 Januari 1984, siku aliyotimiza miaka 69. Katikati hapo alitunga nyimbo zaidi ya 500, na ala iliyokuwa ikihesabiwa ya wahuni na wavuta bangi akaifikisha sebuleni kwa watu wa heshima.

Wengi wanaotafuta muziki wa rebetiko, nyimbo za mitaani za Wagiriki zipigwazo kwa buzuki, hukimbilia bandari ya Piraeus. Mimi nilitaka kuufuata mguu wa mtu huyu mmoja, na mguu wake hautokei baharini. Haya yafuatayo nimeyakusanya kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu.

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Athens

Kwanza ya viza, maana nitaulizwa. Ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Anzeni mapema, kwa sababu kupata miadi kulinichukua muda mrefu kuliko karatasi zote nyingine zikiwekwa pamoja.

Nilipitia Kairo. Kungoja ndege kule sina la kusimulia, ni viti vya chuma na chai ya bei mbaya. Athens tulitua alasiri. Metro ya kutoka uwanja wa ndege ni euro 9, ilhali tiketi ya kawaida ya mjini ni euro 1.20 kwa dakika 90, kwa hiyo msikubali teksi kama mizigo ni mepesi. Chumba changu kilikuwa karibu na Omonia, ghorofa ya nne, na lifti yenye nafasi ya mtu mmoja na begi lake wakiwa wamekumbatiana. Nilikula koulouri, mkate wa duara wenye ufuta wanaouza kando ya barabara, nikalala na viatu.

Jumanne, 8 Aprili. Plaka na Piraeus

Asubuhi nilienda kwenye jumba la makumbusho la ala za muziki wa Kigiriki, mtaa wa Diogenous, hatua chache kutoka Mnara wa Pepo. Mkusanyiko ni wa mtaalamu Fivos Anogianakis, ala zipatazo 1,200, ingawa zinazoonyeshwa ni sehemu tu. Pana vifaa vya masikioni vya kusikilizia mbele ya makabati. Nilisimama kwenye kabati la mabuzuki mpaka mlinzi akaniletea kigoda bila kuombwa.

Kilichonifaa zaidi ni karakana ya fundi mmoja wa mabuzuki, mzee wa makamo mwenye mikono iliyojaa gundi. Nilimwonyesha picha ya udi wangu, akacheka, akanivuta ndani. Akaweka mbele yangu buzuki lisilokwisha: tumbo limeungwa kwa mbavu nyembamba za mbao za mjozi, kila ubavu ameukunja kwa bomba la moto na kuubana na wenzake, na katikati ya kila mbavu mbili kuna mstari mweusi mwembamba kama wino. Kifuniko cha mbele ni cha msonobari, chepesi mno. Alikigonga kwa kucha kikajibu. Shingo ni ndefu, imepigwa vyuma vya kugawa sauti.

Vyuma hivyo ndivyo vinavyotofautisha buzuki na udi. Kwenye udi kidole changu kinaweza kusimama popote, nikaitafuta ile robo ya sauti ya makamu, yaani mpangilio wa sauti, ya Rasti au Bayati. Kwenye buzuki, chuma kimeshaamua. Wagiriki wanayo makamu yao, wanayaita "barabara", na majina mtayajua: Hitzaz, Rast, Ousak, Sabah. Lakini yamenyooshwa yakae juu ya vyuma, na ndiyo maana Tsitsanis aliweza kuyawekea sauti ya pili na ya tatu, kama kwaya, bila ya kugongana. Wazee wa mtindo wa zamani hawakupendezwa na ulaini huo. Mimi nadhani ndio uliomfungulia milango.

Fundi alinifafanulia pia mabuzuki mawili. La zamani lina jozi tatu za nyuzi, zinafungwa re-la-re, na ndilo Tsitsanis aliloshikamana nalo. La jozi nne lilienezwa na Manolis Chiotis miaka ya 1950, linapigwa kwa mshindo na kasi, na siku hizi ndilo lililo mikononi mwa wengi. Nilipouliza bei ya jipya akaandika kwenye karatasi, nikaikunja karatasi nikashukuru. Risha mbili za kupigia nyuzi alinipa bure.

Piraeus nilikwenda jioni kwa treni ya mstari wa kijani. Huko ndiko Markos Vamvakaris na wenzake watatu walikounda kundi lao mwaka 1934, katikati ya wakimbizi waliomiminika kutoka Smyrna na Asia Ndogo, Uturuki ya leo, baada ya 1922. Leo ni meli za visiwani, foleni na maduka ya simu. Nilikunywa kahawa nikarudi.

Jumatano, 9 Aprili. Mgomo

Ilipangwa niondoke leo. Mwenye nyumba aligonga mlango saa moja asubuhi kuniambia kuna mgomo wa nchi nzima: hakuna treni, meli zimefungwa bandarini, ndege hazipai. Akaniongezea usiku mmoja kwa bei ya nusu, na akanichorea ramani ya kwenda Kaisariani kwa miguu.

Ushauri kwa wajao: Ugiriki migomo hutangazwa siku kadhaa kabla. Uliza mapokezi kila unapofika, na usiweke ndege ya kurudi siku moja na safari ya kutoka mikoani.

Nilipita pembeni ya maandamano, watu wengi, mabango, wauza maji. Kaisariani ni kitongoji kilichojengwa na wakimbizi wa 1922, chini ya mlima Hymettus. Juu yake pana uwanja wa shabaha, Skopeftirio, ambapo Wajerumani waliwapiga risasi wakomunisti 200 tarehe 1 Mei 1944. Ni bustani sasa, miti ya misonobari na mnara wa kumbukumbu. Pembeni hapo ndipo palikuwa na ukumbi wa Harama, ambapo Tsitsanis alipiga kwa miaka mingi mpaka karibu na kifo chake. Watu walikuwa wakipanda huku usiku wa manane kumsikiliza mzee ameketi, hatabasamu, hasimami, buzuki gotini.

Mwaka 1980 UNESCO ilitoa santuri mbili zake kwa jina la ukumbi huu. Mwaka 1985, baada ya kufa kwake, zikapewa tuzo na Akademia ya Charles Cros ya Ufaransa. Ndani yake mna taksimu anazozipiga bila haraka yoyote, na kama ni mtu wa udi, hizo ndizo zitakazokukamata.

Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa aliniona nazungukazunguka na simu. Kiingereza chake na changu vilikutana nusu njia. Alipojua natafuta nini, alinikalisha kwenye benchi akanisimulia habari ya Sotiria Bellou kana kwamba ilitokea juzi. Bellou alikuwa mwimbaji wa Tsitsanis kwenye ukumbi wa Tzimis Mnene, mwaka 1948, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Wafuasi wa mfalme wakamtaka aimbe wimbo wao, akakataa, wakampiga mbele ya watu, na jukwaani hakuinuka hata mwanamume mmoja kumtetea. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma kabla. Ila kuisikia kwa mwanamke wa Kaisariani, akihesabu kwa vidole wanaume waliokuwa wamekaa pale, kulinipunguzia hamu ya kumfanya Tsitsanis kuwa walii. Alikuwa fundi mkubwa. Usiku ule alibaki kwenye kiti.

Kisha mama yule akanigawia chungwa.

Alhamisi, 10 Aprili. Basi la Trikala

Mabasi ya Trikala hutoka kituo cha Liosion, na metro haifiki mlangoni. Tenga nusu saa zaidi. Nauli haikufika euro 35. Zamani ungeweza kumalizia kwa treni, lakini dhoruba ya Daniel ya Septemba 2023 iliivuruga reli ya Thessalia, mkoa wenye Trikala, vibaya sana, kwa hiyo basi ndilo la uhakika.

Ni mwendo wa kilomita 330 hivi. Saa mbili za kwanza ni barabara kuu na bahari ya kuibiaibia kulia, nilisinzia. Tuliposimama kujisaidia na kula, nilikuta jambo ambalo msafiri Mwislamu atalifurahia: ilikuwa Kwaresima ya Waorthodoksi, na kila mgahawa una sahani za wafungao, zisizo na nyama wala maziwa. Maharage makubwa ya nyanya, dolma za wali, mboga za majani na ndimu, ngisi. Sema tu "nistisima" na hutahitaji kuuliza habari za nguruwe. Euro 9, na mkate juu.

Aliyekaa karibu nami kuanzia hapo alikuwa mzee aliyefanya kazi melini. Aliposikia Mombasa aliruka: "Kilindini!" Akanitajia gati, joto, na mtu aliyemuuzia kasuku ambaye hakusema neno mpaka alipokufa. Alipojua naenda kwa Tsitsanis, aliimba. Si kidogo. Aliimba beti zote, na kina mama wawili nyuma wakamjibu kwa sauti ya pili, pale pale palipo na sauti ya pili kwenye santuri. Dereva akapunguza redio.

Kisha uwanda wa Thessalia ukafunguka, bapa, mashamba mpaka macho yachoke. Kwenye baadhi ya kuta alama ya tope la mafuriko bado inaonekana.

Ijumaa, 11 Aprili. Trikala

Mji mzuri wa kutembea, mto Lithaios umepita katikati, baiskeli kila mahali. Kahawa euro 2. Hakuna bahari, hakuna mabaharia, hakuna teke, yale mapango ya bangi ya Piraeus.

Baba yake Tsitsanis alikuwa fundi wa tsarouchia, vile viatu vya ngozi vyenye shada puani ambavyo askari wa ikulu ya Athens huvaa. Alikuwa na mandola, ala nyingine ya nyuzi, akiipiga jioni peke yake, na inavyosimuliwa mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Baba alifariki Vassilis akiwa mdogo. Ile mandola, ambayo fundi wa mjini alikuwa ameigeuza kuwa buzuki, ikawa yake. Alijifunza pia fidla. Mwishoni mwa 1936 akashuka Athens kusoma sheria.

Sheria haikwenda mbali. Alianza kupiga kwenye migahawa apate hela ya kula, mwimbaji Dimitris Perdikopoulos akamsikia, akampeleka kwenye kampuni ya santuri ya Odeon. Wakati wenyewe uliangukia pazuri kwake na pabaya kwa wengine. Dikteta Metaxas alikuwa ameshika nchi Agosti 1936, na udhibiti wake ukapiga marufuku nyimbo za bangi na maombolezo ya Kituruki. Wakongwe wa Piraeus walijikuta hawana la kurekodi. Kijana wa bara, mwenye nyimbo za mapenzi na majonzi zenye sauti za kuimbika, akapita.

Makumbusho yake yalifunguliwa 2017, na jengo lenyewe lina hadithi. Lilikuwa jela ya Trikala. Walipoanza kulikarabati wakakuta chini yake hamamu ya karne ya 16, ya pande mbili, wanaume na wanawake, enzi za Waturuki. Sasa unashuka kuona kuba za hamamu zilizomezwa na kuta za jela (mtu wa Unguja ataikumbuka Hamamni), kisha unapanda juu kwa Tsitsanis: picha, santuri, nyaraka, vitu vilivyotoka kwa familia.

Kuna picha moja nilirudi kuitazama mara nyingi, ya jukwaani na Marika Ninou, mwimbaji aliyekuwa naye kwa Tzimis Mnene kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Wanaume wamekaa mstari mmoja, ala zimelala mapajani. Ninou kasimama. Kabla yake waimbaji wanawake walikaa kwenye viti kama wapigaji. Tsitsanis amegeuza shingo kidogo tu, jicho moja liko kwake na mkono wa kushoto uko juu kabisa ya shingo ya buzuki. Ninou alifariki kwa saratani mwaka 1957.

Msichana wa mapokezi aliona nimemaliza na sitoki, akaniuliza kama mimi ni mpigaji. Kisha akanionyesha kwa dirisha kuba kubwa ng'ambo: msikiti wa Osman Shah, uliojengwa na msanifu Sinan kwa ajili ya mpwa wa Sultani Suleimani. Ilikuwa Ijumaa, nikaenda. Hauswaliwi tena, ni ukumbi wa shughuli za utamaduni, lakini ndani ya kuba ile sauti ya kikohozi inazunguka mara mbili. Nilirudi chumbani nikaswali safari yangu. Kwa anayetaka Ijumaa ya jamaa, Athens upo msikiti rasmi eneo la Votanikos, ulifunguliwa Novemba 2020.

Jumamosi, 12 Aprili

Mchana nilikwenda Meteora kwa basi la Kalambaka. Monasteri juu ya miamba, pazuri, mmeshaziona kwenye picha.

Usiku ndio ulikuwa wangu. Manavika ni soko la zamani la mboga la Trikala, vichochoro vya migahawa. Kwenye mmoja walikuwa vijana watatu, buzuki la jozi tatu, baglama ndogo kama kijiko cha mbao, na gitaa. Mwenye buzuki alianza taksimu ya Hitzaz. Niliitikia "Allah!" bila kujijua, kama tunavyofanya kwetu mpigaji akitua vizuri. Aliinua macho, akasimama kidogo, akapiga tena pale pale. Baadaye walinipa buzuki. Nilijaribu kipande cha taarabu ya zamani ya Lamu niliyoisikia kwa Zein l'Abdin. Vidole vilikuwa vikitafuta sauti zilizo kati ya vyuma, wao wakicheka kwa upole. Bili yangu walikataa isilipwe. Kwa taarifa yenu, Trikala si Tsitsanis tu: Apostolos Kaldaras alizaliwa hapa, Kostas Virvos mtunzi wa mashairi ni wa huku, na Dimitris Mitropanos pia. Vijana wale walitaja majina hayo kama watu wa mtaani kwao.

Jumapili, 13 Aprili. Kwenda Thessaloniki

Jumapili ya Matawi, siku ambayo Kwaresima inaruhusu samaki. Mwenye nyumba alinifungia vipande vya kukaanga na kitunguu saumu kilichopondwa. Basi zima lilijua nimebeba nini.

Njia inapita bonde la Tempi, mahali treni mbili zilipogongana usiku wa 28 Februari 2023 wakafa watu 57, wengi wao wanafunzi. Abiria waliokuwa wakizungumza waliacha. Wawili walipiga ishara ya msalaba.

Jumatatu, 14 Aprili. Thessaloniki

Asubuhi bougatsa, maandazi ya karatasi laini yaliyojazwa uji mtamu wa maziwa. Nilikula mbili. Metro yao mpya, iliyofunguliwa Novemba 2024, imepita katikati ya magofu ya barabara ya Kirumi waliyoyakuta wakichimba. Shukeni kituo cha Venizelou hata kama hamna safari.

Tsitsanis aliletwa hapa na jeshi, 1938, kikosi cha telegrafu, na husimuliwa kwamba usiku alikuwa akitoroka kambini kwenda kupiga. Vita vilipoingia na Wajerumani wakashika mji mwaka 1941, alibaki. Alioa hapa, na msimamizi wake wa ndoa alikuwa Nikolaos Mouschountis, mkuu wa polisi wa usalama aliyependa rebetiko kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa cheo chake. Akafungua kilabu kidogo cha ouzo, kileo cha Wagiriki, mtaa wa Pavlou Mela.

Huo mtaa nilipita kutoka juu mpaka chini na kurudi. Majengo ya ghorofa, duka la nguo, mkahawa wa vijana. Mwenye duka la vitabu ndiye aliyetoka nje kunielekeza kilipokuwa, akaweka na kiti. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pa kuja kwa anayemtaka Tsitsanis. Miaka ile kiwanda cha santuri kilikuwa kimesimama, hakuna kurekodi kuanzia 1941 mpaka 1946. Watu walikuwa wakifa kwa njaa. Kuanzia Machi 1943 Wayahudi wa mji huu, karibu watu 46,000, walisafirishwa kwa treni kwenda Auschwitz. Katika chumba kimoja mtaa huu mtu alikuwa anatunga, hana pa kuzipeleka nyimbo, anazipiga kwa walioketi mbele yake tu. Alirudi Athens 1946 amebeba hazina ya miaka yote hiyo, na viwanda vilipofunguliwa alikuwa mbele ya kila mtu.

"Synnefiasmeni Kyriaki", Jumapili ya mawingu, ni ya hapa. Yeye mwenyewe aliueleza kuwa umetokana na aliyoyaona chini ya Wajerumani. Ulirekodiwa 1948 kwa sauti za Prodromos Tsaousakis, aliyemfahamu hapa Thessaloniki, na Bellou. Maneno ni machache, hayamtaji adui wala vita. Wapo wanaosikia ndani yake wimbo wa kanisani, na muuza vitabu alikuwa mmoja wao; aliniimbia nyimbo zote mbili pale barabarani, mmoja baada ya mwingine. Ananishawishi. Mwaka uliofuata, 31 Januari 1949, mtunzi Manos Hadjidakis alitoa hotuba Athens kuutetea muziki huu mbele ya wasomi waliokuwa wakiuona uchafu, akawapandisha jukwaani Vamvakaris na Bellou wapige.

Kurudi Athens nilichukua basi la usiku, kisha Kairo, kisha nyumbani.

Hesabu za haraka: chumba nilikuwa nalipa kati ya euro 30 na 45, Trikala ikiwa rahisi kuliko zote, chakula euro 20 kwa siku kinatosha ukiwa si mtu wa nyama. Aprili ni baridi asubuhi, bebeni koti. Angalieni tarehe ya Pasaka ya Waorthodoksi kabla ya kukata tiketi, maana wiki yenyewe mabasi hujaa.

Na wanaotaka kumsikia kabla ya kusafiri: anzeni na santuri za 1946 mpaka mwanzoni mwa 1950, Tsaousakis, Bellou na Ninou wakiimba. Zile za Harama ziacheni baadaye, usiku, mkishaizoea sauti ya chuma.